Sir Charles Eliot: Mwanachuoni wa Kisanskriti Aliyetawala Nchi Yetu

Chepilat ni soko dogo lililo mpakani mwa Bomet na Nyamira, katika barabara itokayo Sotik kwenda Keroka na Kisii. Upande mmoja wanakaa Wakipsigis, upande wa pili Wakisii, na pande zote mbili watu huamka alfajiri kwenda kuchuma chai. Mwanafunzi wa mahali hapo akiulizwa ni nani waliofungua mashamba makubwa ya chai ya Kericho, atayataja makampuni ya Kiingereza. Akiulizwa makampuni hayo yaliipataje ardhi, atasema ilitolewa na serikali ya kikoloni. Lakini akiulizwa ni nani katika serikali hiyo aliyelifanya wazo la kuwagawia wageni nyanda za juu kuwa siasa ya nchi nzima, huenda akanyamaza.

Mtu huyo hakuwa jemadari wala mfanya biashara. Alikuwa mwanachuoni. Alijua Kiyunani, Kilatini, Kisanskriti, Kipali, Kirusi, Kifini, Kituruki, Kichina na lugha nyingine nyingi, na sifa aliyojipatia duniani kwa kalamu yake ilitokana na vitabu alivyoandika juu ya dini za Bara Hindi na mafundisho ya Buddha. Jina lake ni Sir Charles Eliot. Maisha yake yafaa kuelezwa kwa wanafunzi, kwa maana ndani yake mna swali ambalo vitabu vya historia havikawii kulipita: yawezekanaje mtu mmoja ajue kusoma mambo yaliyo mbali kwa uangalifu mkubwa namna ile, na yaliyo mbele ya macho yake asiyasome kabisa?

Charles Norton Edgcumbe Eliot alizaliwa tarehe 8 Januari 1862 katika kijiji cha Sibford Gower, Oxfordshire, nchini Uingereza. Alisoma Cheltenham, kisha akaingia chuo cha Balliol katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko alifaulu katika daraja la kwanza, na tuzo za lugha ambazo wengine huona fahari kupata moja yeye alizipata kadha wa kadha. Mwaka wa 1883 alishinda tuzo ya Boden, itolewayo kwa mwanafunzi aliyewashinda wenziwe katika Kisanskriti. Baadaye akafanywa mmoja wa wanazuoni wa chuo cha Trinity, palepale Oxford. Lau angalipenda, angaliweza kukaa huko maisha yake yote, akifundisha na kuzeeka katikati ya vitabu.

Kisanskriti ni lugha ya kale ya Bara Hindi, lugha ya maandiko matakatifu ya Wahindu, ya tenzi zao ndefu, ya sheria na elimu zao. Wazungu walianza kuitilia maanani baada ya mwaka 1786, wakati William Jones, hakimu Mwingereza aliyekuwa Calcutta, alipoonyesha kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini vinafanana mno hata haiwezekani kuwa ni bahati tu. Lazima zimetoka katika shina moja. Tangu hapo vyuo vya Ulaya vikaingia katika elimu hiyo kwa bidii. Bidii hiyo haikuwa ya elimu peke yake. Boden, ambaye tuzo ile inaitwa kwa jina lake, alikuwa kanali katika jeshi la Kampuni ya Uingereza ya Bara Hindi. Aliiachia Oxford mali yake ili kuweko na mwalimu wa Kisanskriti, na shabaha yake aliitaja waziwazi katika wasia: Biblia ifasiriwe katika lugha hiyo, Wahindi wapate kuvutwa kuingia Ukristo. Hivyo elimu na utawala vilikuwa vikitembea bega kwa bega tangu siku ya kwanza ya mlango ule kufunguliwa. Eliot aliingia kwa mlango huohuo.

Msomaji asidhani kwamba Kisanskriti kiko mbali na kinywa chake. Neno letu sukari asili yake ni Kisanskriti, likapitia kwa Waajemi na Waarabu hata likafika pwani yetu. Pilipili pia. Na yule mwenye duka ahesabuye laki ya shilingi hutumia neno lililotoka Bara Hindi, ambalo mizizi yake imo katika lugha ileile.

Jambo moja katika elimu ile litatufaa hapo mbele. Maandiko ya kale kuliko yote ya Wahindu, yaitwayo Veda, hayakuwa maandiko hapo mwanzo. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu yalikaa katika vichwa vya watu. Makuhani waliwafundisha wana wao neno kwa neno, sauti kwa sauti, kwa hadhari kubwa hata wanachuoni wa leo wanaamini kwamba hayakuharibika sana. Maneno ya Buddha nayo yalikuwa hivyo. Yeye alifundisha kaskazini mwa Bara Hindi yapata karne tano kabla ya Kristo, wala hakuacha hata mstari mmoja kwa mkono wake. Wafuasi wake waliyakariri mafundisho hayo pamoja, vikundi kwa vikundi, kwa karne kadhaa, mpaka yalipoandikwa katika kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, kwa lugha ya Kipali. Kila aliyesomea mambo haya alijua kwamba taifa laweza kuwa na sheria, historia na hekima pasipo herufi hata moja. Eliot alilijua hilo kuliko Waingereza walio wengi.

Hakukaa Oxford. Mnamo mwaka 1887 aliingia katika kazi ya ubalozi, akapelekwa St Petersburg, na kabla ya kutimiza miaka thelathini alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha sarufi ya Kifini, mwaka 1890. Kutoka huko alikwenda Morocco, kisha Constantinople, ambako aliukusanyia utawala wa Sultani wa Kituruki habari nyingi, akazitia katika kitabu alichokitoa mwaka 1900 kwa jina la kupanga, Odysseus. Alitumika Washington na katika visiwa vya Samoa. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1900 aliteuliwa kuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya.

Nchi aliyoikuta ilikuwa na deni. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Ilikuwa imegharimu zaidi ya pauni milioni 5 na maisha ya wafanya kazi wengi, hasa Wahindi. Zaidi ya 30,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi kuijenga. Mabwana wa London walitaka kujua fedha hizo zitarudije. Mwezi wa Aprili 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilikatwa na kutiwa chini ya Eliot, na katika jimbo hilo mlikuwamo nchi ya Wakipsigis, ya Wanandi na ya Wakisii. Kwa hiyo Kericho, Sotik na vilima vya Chepilat viliingia mikononi mwa mwanachuoni wa Kisanskriti kwa kuandikwa karatasi moja, na wenyeji wake hawakuulizwa.

Waingereza wa siku zile waliwaita Wakipsigis kwa jina la Lumbwa, nalo si jina lao. Wageni walilipata kwa Wamaasai. Hata kituo cha reli katika nchi yao kiliitwa Lumbwa kwa miaka mingi kabla ya kuitwa Kipkelion. Mtu aliyepita kwa gari la moshi aliona vilima vya kijani kibichi, baridi ya kupendeza, maji mengi, na watu wachache. Eliot aliona hivyo pia. Katika kitabu chake juu ya nchi hii, kilichochapishwa mwaka 1905, alieleza kwamba Waingereza wamepata jambo la nadra katika Afrika Mashariki: nchi iliyo kama ubao usioandikwa kitu, yenye watu wachache, ambayo wangeweza kuijenga wapendavyo. Alisema kwamba sehemu za juu za nchi ni mahali pafaapo Mzungu kuishi na kulima, na kwamba kwa kuwa ndivyo, mambo ya Mzungu hayana budi kutangulizwa. Kwa sifa moja tumpe haki yake: hakuficha fikira zake. Maofisa wengine walisema jambo moja London na kutenda jingine Nairobi. Yeye aliandika aliyoyaamini, na kwa sababu hiyo twaweza kumhukumu kwa maneno yake mwenyewe.

Na ubao ule ulikuwa mtupu? Miaka kumi kabla yake, sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa wingi usiopata kuonekana. Ndui ikafuata, na njaa kubwa ya miaka ya mwisho wa karne ya 19 ikamaliza kazi. Mahali pengi palipoonekana pana nafasi palikuwa mahali pa msiba. Waliosalia walikuwa wamerudi nyuma kwa muda, wakingoja mifugo iongezeke. Tena, kwa Wakipsigis ardhi haikuwa ile tu yenye nyumba juu yake. Walikuwa na mashamba ya wimbi karibu na nyumba. Mbali na hapo walikuwa na kaptich, yaani maboma ya ng'ombe ambako vijana walikaa na mifugo. Walikuwa na mahali pa kulambisha ng'ombe chumvi, na misitu ya asali na dawa. Mambo ya ujirani yaliamuliwa katika baraza la kokwet. Miaka ilihesabiwa kwa rika, ambazo majina yake huzunguka na kurudi: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Nyongi. Mzee aliyeulizwa vita fulani vilipiganwa lini alijibu kwa kutaja rika iliyopigana. Hiyo ilikuwa ni maktaba. Ilikaririwa kwa kinywa, kama zilivyokaririwa Veda.

Sheria ya Ardhi ya Taji ilitangazwa mwaka 1902, wakati wa utawala wa Eliot. Ilimpa Kamishna uwezo wa kuuza ardhi au kuikodisha kwa wageni kwa miaka hata 99. Ilimkataza kutoa ardhi ambayo wenyeji wanakaa hasa. Katazo hilo laonekana zuri mpaka msomaji aipime ile maana ya kukaa. Nyumba huonekana na mpimaji wa ardhi, na shamba la wimbi pia. Lakini malisho ambayo ng'ombe watarudi baada ya mvua, au boma lililoachwa mwaka huu ili nyasi zipate kupumzika, mpimaji aliyaona kuwa ni ardhi isiyo na mwenyewe. Na mwenyeji akihama, sheria ilisema ardhi ile yaweza kutolewa bila kuuliza zaidi. Kwa watu wafugao, ambao kuhama na kurudi ni sehemu ya kazi, kifungu hicho kilikuwa kama mlango ufungwao nyuma ya mtu atokaye kuteka maji.

Mwaka 1903 Eliot alimtuma ofisa wake mmoja Afrika ya Kusini kutafuta walowezi, nao wakaja kwa mamia. Mwaka huohuo mche wa kwanza wa chai ulipandwa Limuru, kutokana na mbegu za Bara Hindi, ingawa hakuna mtu wakati ule aliyedhani utakuwa na maana kubwa. Wahindi wenyewe, waliojenga reli na kufungua maduka mpaka ndani kabisa ya nchi, Eliot hakutaka wapewe mashamba katika nyanda za juu; alisema wao wapewe sehemu za chini zenye joto. Hapa mtu hawezi kujizuia kustaajabu. Usiku, chini ya taa, bwana huyu alikuwa bado anasoma vitabu vya Wahindi kwa heshima ya mwanafunzi. Mchana aliamuru kwamba Mhindi asilime jirani na Mzungu.

Hata hivyo hakuwa mvivu wala mpenda mali. Alipokwenda pwani na Zanzibar alivua viatu akaingia baharini maji yakipwa, akitafuta konokono wa bahari wasio na gamba, viumbe laini wenye rangi za ajabu ambao wavuvi huwapita bila kuwatazama. Alikuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa viumbe hao katika dunia ya wakati wake. Makala zake juu ya konokono wa Afrika Mashariki na Zanzibar zilianza kuchapishwa London mwaka 1902, na wataalamu wa elimu ya viumbe huzitaja mpaka leo. Kila konokono alimchora, akampima, akahesabu meno yake madogo yasiyoonekana kwa jicho. Mimi naona makala zile ni ushahidi mzito kuliko kitabu chake cha siasa, kwa kuwa zinatuonyesha kwamba uwezo wa kutazama vizuri alikuwa nao, tena alikuwa nao hapahapa kwetu.

Aliangushwa na ardhi. Alikuwa ameahidi kuwapa watu wawili kutoka Afrika ya Kusini sehemu kubwa katika Bonde la Ufa, mahali palipokuwa malisho ya Wamaasai. Wakati huohuo serikali ya London ilikuwa tayari kuipa kampuni moja maili za mraba 500 katika bonde lilelile. Naibu wake, Frederick Jackson, aliyekuwa ameishi nchini tangu miaka ya 1880 na kuwajua Wamaasai kwa uso na kwa jina, aliandika London kueleza kwamba haki za wenyeji zinavunjwa. Waziri wa Mambo ya Nje, Lord Lansdowne, akamwamuru Eliot avunje ahadi ile kwa wale wawili. Eliot akakataa, akajiuzulu mwezi wa Juni 1904. Alidai kwamba ni dhuluma kuwanyima watu wawili kile ambacho kampuni kubwa inapewa, na katika hilo hakukosea. Lakini katika mabishano yote yale Wamaasai kwake walikuwa kizuizi tu; aliandika kwamba maisha yao ya kuhamahama na vita hayastahili kulindwa, na kwamba ni heri yakome. Miezi miwili baadaye, chini ya Kamishna mwingine, Wamaasai walitia alama katika mapatano na kuhamishwa kutoka Bonde la Ufa. Mwaka 1905 majeshi ya serikali yalipelekwa Sotik kwa sababu ya ugomvi wa ng'ombe walioporwa kwa Wamaasai, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa. Mambo hayo Eliot hakuyaamuru. Alikuwa amekwisha kuondoka. Njia ndiyo aliyoiacha wazi.

Yaliyofuata katika nchi ya Kericho yanajulikana. Mwaka 1915 miaka 99 ya kukodisha iligeuzwa ikawa 999. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, eka 25,000 karibu na Kericho zilitengwa kwa maofisa wa jeshi la Uingereza waliopata vilema vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukavunjika, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaja kushika nafasi.

Eliot alirudi Uingereza bila kazi, naye alikuwa na miaka 42. Serikali haikumtaka, elimu ikampokea. Mwaka 1905 alifanywa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, mji wa wafua chuma, akakaa huko mpaka 1912. Mwaka huo akaitwa kuongoza Chuo Kikuu kipya cha Hong Kong, ambacho kiliasisiwa na Frederick Lugard, yuleyule aliyejenga boma la Dagoretti mwaka 1890 na kupigana Buganda. Ni jambo la kuandikwa kwamba watu wawili waliotangulia katika kuitawala Afrika Mashariki walishirikiana kuanzisha chuo kikuu kwa ajili ya Wachina, ambapo hapa kwetu hakuna aliyefikiria hata shule ya sekondari kwa Waafrika. Wachina walikuwa na vitabu, na mbele ya mwenye vitabu Eliot alivua kofia. Bweni moja la wanafunzi huko Hong Kong lilipewa jina lake mwaka 1914. Wakipsigis walingoja sana: Chuo Kikuu cha Kabianga, karibu na Kericho, kilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013.

Likizo zake alizitumia kusafiri: Ceylon, Burma, Siam, Kamboja, Java, China. Aliingia katika mahekalu, akazungumza na watawa, akasoma mawe yaliyoandikwa. Wakati wa vita alipelekwa Siberia, na kuanzia mwaka 1919 akawa balozi wa Uingereza huko Japani. Akiwa Tokyo alikamilisha kitabu chake kikubwa, Hinduism and Buddhism, kilichotoka mwaka 1921 katika majuzuu matatu. Kinatoka katika nyimbo za Veda na kufika hata nyanda za Tibet. Kinaeleza jinsi watawa wasio na silaha walivyovuka milima na bahari wakiwa na mafundisho tu, na jinsi mataifa yaliyokuwa na wafalme wenye nguvu yalivyowapokea. Wanachuoni wa siku hizi wamesahihisha mambo mengi ndani yake, kama ipasavyo, lakini bado chasomwa, kwa sababu mwandishi alikuwa na akili pana na kalamu isiyochosha.

Katika utangulizi wa kitabu hicho analo lalamiko. Anasema historia zilizoandikwa Ulaya haziitendei haki Bara Hindi, kwa kuwa zinasimulia matendo ya wavamizi wake na kuwafanya wenyeji waonekane watu dhaifu, waotao ndoto, ambao hawakufanya jambo duniani. Kisha anaonyesha jinsi fikira zao zilivyoshinda nusu ya Asia. Nimeusoma utangulizi huo na kitabu cha 1905 nikiviweka pamoja mezani, na ni vigumu kuamini kwamba mkono mmoja uliviandika. Kosa analowashitaki wenziwe mwaka 1921, kwamba wameandika habari za mvamizi na kumsahau mwenyeji, ndilo alilolitenda yeye juu ya nchi yetu miaka 16 kabla. Wala hakuna mahali ambapo alizikutanisha habari hizi mbili.

Watu hupenda kusema kwamba mtu ni wa zama zake, na kwamba wakati ule wote walifikiri hivyo. Jackson hakufikiri hivyo. Wengine wasema Eliot alikuwa mnafiki, apendaye dini ya huruma katika vitabu na kuwadhulumu watu kwa matendo. Hilo nalo sioni kuwa ni kweli. Yeye hakuwa Mbuddha, wala hakujidai kuwa. Mimi naona sababu ni ndogo zaidi, na kwa hiyo inatisha zaidi. Alikuwa amefundishwa kuheshimu kila kitu kilichokwisha kuandikwa. Veda zilizokaririwa kwa kinywa alizifahamu kwa kuwa hatimaye mtu alizitia katika karatasi na Oxford ikazitolea tuzo. Mzee wa Sotik alikuwa bado hajaandikwa. Hakuwako mwalimu wake Oxford, wala kamusi, wala sarufi. Na Eliot, aliyeandika sarufi ya Kifini kwa sababu tu alipelekwa St Petersburg, hakuandika sarufi ya lugha hata moja ya nchi aliyoitawala kwa zaidi ya miaka mitatu.

Wengine walifanya kazi hiyo. Ian Orchardson, Mwingereza aliyekaa miaka mingi katika nchi ya Kericho na kuoa kwa Wakipsigis, alikusanya desturi zao kwa subira kubwa. Kitabu chake kilitolewa Nairobi mwaka 1961. Peristiany alitoa chake mwaka 1939. Katika miaka ya 1932 na 1933 Tume ya Ardhi ya Kenya ilizunguka nchi ikisikiliza madai ya wenyeji, na wazee wakasimama mbele yake kutaja mito, vilima na maboma yaliyokuwa yao. Kisha akaja mwana wa nchi mwenyewe. Taaitta Toweett, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa mwanasiasa na waziri, lakini pia alikuwa msomi wa lugha. Mwaka 1979 alitoa kitabu juu ya elimu ya lugha ya Kikalenjin, na kingine juu ya historia ya Wakipsigis kama ilivyosimuliwa kwa mdomo. Mambo yale ambayo Kamishna hakuyaona juu ya ubao yalikuwapo muda wote.

Kuna jambo moja ambalo Eliot angalilipenda, kama angaliishi akaona Kericho ya leo. Mti wa chai ulikwenda Japani kwa mikono ya watawa wa Kibuddha. Mtawa aitwaye Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai na mafundisho ya Zen, na mwaka 1211 aliandika kitabu kizima kueleza jinsi kinywaji hicho kinavyoutunza mwili. Watawa walikunywa chai wasisinzie wakati wa kutafakari. Mti huohuo, kwa njia nyingine ya Bara Hindi na ya biashara ya Waingereza, ndio uliofunika vilima vya Kipsigis.

Mwaka 1926 Eliot alikuwa amekwisha kuacha ubalozi. Hakurudi kwao, alikwenda kukaa Nara, mji wa kale wa mahekalu, akiwa na nia ya kuandika kitabu kamili juu ya dini ya Buddha katika Japani, nchi ambayo haikupata haki yake katika kile kitabu cha kwanza. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, afya ikipungua. Mwaka 1931 alipanda meli ya Kijapani, Hakone Maru, kurudi Uingereza, akafa njiani tarehe 16 Machi, akazikwa baharini. Rafiki zake waliukuta mswada haujakwisha. Sura juu ya Nichiren, mhubiri mkali wa karne ya 13, ilikuwa haijaandikwa. George Sansom, mwanahistoria wa Japani aliyekuwa ametumika naye katika ubalozi wa Tokyo, aliiandika sura hiyo kwa niaba yake, na kitabu kikachapishwa London mwaka 1935.